Ng'ombe wa Baba Katika Duka la Kijiji

Hapana, baba mkubwa, sikubali. Baba hakuuza ng'ombe akanunua karatasi. Ulisema hivyo kilabuni mbele ya watu, wakacheka, na mimi nikatoka nje nisije nikakuvunjia heshima. Sasa naandika, msome wote.

Ni kweli mtamba alikuwa mmoja tu. Ni kweli alikuwa ametengwa kwa mahari ya kaka yangu, na wakwe kule Ilongero walikuwa wanamsubiri huyo huyo, wa mwisho. Lakini mwaka ule kijiji chetu kilifungua duka la ushirika, tukaambiwa kila mwenye mji anunue hisa. Baba akampeleka mtamba mnadani, akarudi na risiti. Mama alikaa siku mbili hasemi naye.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Mengine nimejisomea kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Neno hisa nililiona humo mara nyingi, sikujua ni mnyama gani. Nikamwuliza baba.

"Ni kama kumpa mwenzako ng'ombe akutunzie," akasema. "Yeye anakunywa maziwa, anapata mbolea ya shamba lake. Ndama ni wako. Ukimtaka ng'ombe wako, unamfuata."

Basi akafanya anavyofanya mwenye ng'ombe. Kila baada ya wiki mbili alivaa koti, akaenda dukani kutazama mali yake. Aliangalia chumvi, mafuta ya taa, kaniki. Siku moja nikafuatana naye. Katibu wa duka alikuwa kijana wa Singida mjini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hisa yangu ni ipi humu?"

"Haiko peke yake, mzee wangu. Una sehemu yako katika kila kitu, hata kwenye hii mizani."

"Imezaa?"

Watu kwenye foleni wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mzee, njoo na kibuyu ukamue!" Nikamkamata shati. Baba akaniambia kwa Kinyaturu nimwachie, na macho yake hayakutoka kwa katibu.

Katibu hakucheka, hilo namsifu. Alisema fedha tuliyoweka sote ndiyo mtaji, huyo ndiye ng'ombe mama. Duka likishalipia bidhaa, lori na mshahara, kinachobaki ni faida, huyo ndiye ndama. Tukiamua kugawana, kila mtu kwa hesabu ya hisa zake, fungu lako linaitwa gawio. Mimi nilikuwa nameza kila neno.

"Ng'ombe akifa," baba akasema, "anayenitunzia ananiletea ngozi, nijue hakumla. Duka likifa, ngozi yangu ataleta nani?"

Hapo foleni ikasogea karibu isikie. Hata yule wa kibuyu. Katibu akakuna kichwa.

"Ngozi ni hesabu, mzee. Vilivyoingia, vilivyouzwa, vilivyoharibika. Mna haki ya kusomewa."

"Hatujasomewa hata siku moja."

"Hamjauliza."

Baba aliuliza. Alipita mji kwa mji akiuliza, na mimi nyuma yake, mpaka baada ya mavuno mkutano ukaitwa na hesabu ikasomwa kwa sauti, hadi debe la mafuta lililovuja. Faida ilikuwepo, ndogo. Mwenyekiti akasema: anayetaka kujitoa atarudishiwa fedha ya hisa zake. Wanaobaki wachague, tugawane faida, au tuiache ikuze mtaji tununue mashine ya kusaga?

Kaka alikuwa amekaa mbele yangu. Wakwe walishatuma neno: mavuno haya, au binti anaolewa kwingine. Niliona shingo yake ilivyokakamaa.

Wa kujitoa wakasimama wawili. Baba hakusimama. Wa gawio wakanyoosha mikono. Baba mikono yake mapajani. Wa mashine wakaitwa, baba akanyoosha wa kwanza.

Kaka akatoka bila kuaga. Binti aliolewa Nduguti. Mashine tunayo, mama anasaga hapo, hata wewe baba mkubwa unasaga hapo. Kaka anasema ndama asiyefika zizini kwako si ndama. Baba anasema ndama akichinjwa mdogo hatazaa kamwe. Hawali tena sahani moja. Mimi nasimama na baba, atakayemgusa atanikuta, lakini kila nikimwona kaka anakwenda shambani peke yake, nainamisha macho.

Haya, wewe unayesoma na kucheka: siku ile, kaka yako akiwa amekaa mbele yako, mkono wako ungeunyoosha upande gani?