Nyama ya Msiba wa Mama Stela

Nikiwa darasa la nne kule Runazi, muuaji alikuwa anatembea kati yetu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahia. Sina neno lingine. Watu watatu walikuwa wameokotwa wamenyongwa kwenye njia ya kutoka sokoni Lusahunga. Sisi watoto tulikwenda shule kwa makundi, mioyo inatudunda, tunasimuliana, kila mmoja anatia chumvi yake. Kwangu zile siku zilikuwa tamu kuliko Krismasi.

Wa tatu alikuwa jirani yetu, mama Stela. Siku ya kumzika, bibi yangu alinivuta kando akaniambia jambo aliloambiwa na wazee wake: aliyeua mtu akija kwenye msiba wa mtu huyo, nyama ya pale haimpiti kooni.

"Ataishika tu mkononi," alisema. "Koo linakataa."

Kumwambia mtoto mbea kama mimi maneno hayo ni kumpa kazi ya upelelezi. Ndugu wa marehemu walikuwa wamechinja kondoo wawili. Baada ya maziko watu walikaa kwenye mikeka kula, na mimi nikajipa jagi la maji ya kunawa, nikawa napita katikati yao nachungulia makoo. Fundi Deo, mtengeneza baiskeli, aliyekuwa amechimba kaburi tangu asubuhi, alikula mpaka akaongezewa. Nikamvuka. Mwenyekiti wa kijiji anatafuna. Mwalimu wetu anatafuna. Halafu nikamwona baba Leonidasi, mkulima ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Alikuwa anamega ugali mkavu, na nyama yake anaisogeza polepole kwenye sahani ya jirani.

Mwili mzima ulinisisimka. Nikamnyooshea kidole, sauti ikanitoka yenyewe.

"Huyu hamezi nyama."

Kila mtu pale alijua maana yake. Vijana wawili waliweka sahani chini wakasimama. Mmoja akamuuliza taratibu, "Baba, mbona huli?" Leonidasi alirudisha tonge la ugali kwenye sahani. Yule wa pili alishafuata jembe kule kaburini. Na mimi, niseme ukweli, nilivimba kichwa. Nilikuwa nimemkamata muuaji peke yangu.

Bibi alitoka jikoni mbio, mwiko bado mkononi, akasimama kati yao.

"Kaeni chini. Kwao kondoo haliwi. Baba yake hakula, babu yake hakula. Nani hapa hajui?"

Walijua wote. Walikuwa wameishi na ukoo ule miaka na miaka, ila siku hiyo walisahau, au walipenda kusahau. Bibi alimletea bakuli la maharage na hakuondoka mbele yake mpaka lilipokwisha. Yule baba alikula mbiombio hata maharage yakamdondokea kwenye suruali.

Wiki chache baadaye polisi walimkamata fundi Deo, na vitu vya marehemu vikakutwa kwenye kibanda chake. Kesi ilichukua miaka. Siku ya hukumu nilikuwa sekondari, nikatoroka shule kwenda mahakamani, watu wamejaa mpaka madirishani. Jaji alirudia maelezo ya Deo mwenyewe: kwamba naye alilelewa na bibi aliyemwambia maneno yale yale, kwa hiyo kila alipoua alihakikisha anakwenda msibani na kula nyama mbele ya watu. Tuliguna ukumbi mzima. Akahukumiwa kunyongwa mpaka kufa, na kule nje tulishangilia mpaka sauti ikanikauka. Kama kweli walimnyonga au bado yumo gerezani, sijui. Hakuna aliyerudi kutuambia.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani nikapita kwa baba Leonidasi. Nilimwamkia, akanipa kigoda, nikamwambia kwamba mtoto yule wa msibani alikuwa mimi. Alicheka kidogo.

"Ulidhani sikujui, mwanangu? Miaka yote ile nikikuona njiani nilikuwa nakata kona, napitia porini. Yule fundi sikumwogopa hata siku moja, nilikuwa nampelekea baiskeli yangu. Niliyekuwa namwogopa ni wewe."

Nilikuwa na miaka kumi wakati ule, na mtu mzima mwenye watoto wake alikuwa anapita kwenye miiba ili tu asikutane na mimi.