Jiko la Kimo cha Mteja

Mume wangu alikuwa dalali wa nyumba na mashamba pale Wete, miaka michache kabla ya mapinduzi. Madalali wengine walimwonesha mtu mlango, wakachukua haki yao, wakaenda zao. Wangu hakuwa hivyo. Mteja akitaka nyumba, yeye huonja kwanza maji ya kisima, asubuhi na jioni, maana visima vingine vyetu bahari ikijaa hugeuka chumvi. Mvua ikishuka, watu wanakimbilia ndani, yeye huchukua mwavuli akaenda kusimama katika nyumba ya wenyewe, atazame inavuja wapi. Na mimi niko jikoni kwangu, makuti yameoza, nakihamisha chungu nikikimbia matone. "Kesho, mke wangu." Kesho hiyo niliisikia miaka miwili.

Nilikuwa na wivu, sifichi. Niliwaonea wivu hata vizee waliokuja kutafuta kijishamba cha minazi, kwa namna alivyowasikiliza. Lakini hao walipita. Kisha akaja mwalimu.

Alikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana, kahamishiwa kwetu kutoka Unguja. Akifungua kinywa tu unajua si wa hapa. Mrefu, mcheshi, mtalaka, hana mtoto. Mguu wake mmoja haukukunjika tangu utotoni, kwa hivyo hakuweza kuchutama mbele ya mafiga wala kukaa kwenye kibao. Alikuwa amehifadhiwa na mwalimu mwenzake na alitaka nyumba yake mwenyewe. Mume wangu akampatia moja ya mtaa wa Jadida, ya mzee aliyekuwa akihamia kwa binti yake Tibirinzi. Mzee alitaka kuondoka kabla ya Ramadhani. Mume wangu akampa mkono na neno lake kwamba nyumba itauzwa na ataondoka.

Kazi ingeishia hapo. Wapi! Ikawa kila siku yuko Jadida. Leo anapaka chokaa, kesho anawazungukia majirani kuwauliza kama ni watu wa ugomvi. Siku moja nataka kufua koti lake, mfukoni nikakuta kipande cha kamba ya usumba, kimepigwa fundo.

"Hii ya nini?"

"Kimo cha mwalimu," alisema, anakula muhogo wake bila wasiwasi. "Toka chini mpaka kiunoni. Hawezi kuchutama, basi namjengea jiko la kusimama."

"Kiuno chake umekipima weye?"

"Kamba kaishika mwenyewe, mie nikafunga fundo. Mwanamke weye!"

Akacheka. Miaka tisa niko kwake, hajui hata urefu wa mguu wangu. Viatu vya Idi alikuwa akininunulia kwa kukisia, na kila mwaka vinanipwaya. Leo fundi mzima wa kupima viuno! Na jiko lile hakumpa mwashi. Alilijenga kwa mikono yake, jiwe kwa jiwe, akarudi nyumbani na udongo kwenye kucha, akataka maji ya kuoga. Nikampelekea. Kichwani nilikuwa nimeshamwoza mke wa pili na kuwapangia zamu.

Siku ya tatu nilivaa buibui langu, nikaweka maandazi kwenye sahani, nikaenda kwa mwalimu baada ya alasiri. Alinipokea vizuri, akanivutia kiti, na uzuri ule ukanizidishia hasira.

"Mwalimu," nilimwambia, "miye nakupenda ja ndugu yangu, ndo maana nasema. Nyumba ile ya Jadida ina wenyewe."

"Si ya yule mzee?"

"Wenyewe wasioonekana. Adhuhuri utasikia ndoo inateka kisimani, ukitoka huoni mtu. Dalali hawezi kukwambia, ndo kazi yake. Usinitaje."

Watu wa Unguja wakiletwa Pemba huja na hofu yao tayari, wameshaambiwa mengi juu yetu. Akanishika mkono akasema, "Ahsante dada, umenisitiri." Nilirudi nyumbani natembea kwa raha.

Mwalimu aliikataa nyumba; hakunitaja, lakini neno alilisema. Aliwasimulia walimu wenzake, walimu wakawasimulia wake wa wenye maduka, na Ijumaa haikufika Wete nzima ilikuwa inajua. Mume wangu alileta wanunuzi watatu. Wote walichungulia kisimani wakaaga. Yule mzee alikuwa ameshafunga mizigo yake, amekaa juu ya kasha barazani, anangoja neno la dalali litimie. Shaabani ilikuwa inamalizika.

Asubuhi moja mume wangu alikaa mbele yangu wakati wa chai. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

"Mzee nimempa neno," alisema. "Mwalimu naye hana pa kukaa. Wanasema nyumba hino ya Jadida ina wenyewe. Mie hao siwachi, siwaogopi hata kidogo, nitasoma Yasini yangu nikae nao. Basi ile nitainunua mie, tuhamie. Na hii yetu tumpe mwalimu ainunue, maana hii weye unaijua haina kitu."

Nyumba yetu. Nilikoingia bibi harusi, nilikopanda asumini mkono wa kulia wa mlango.

"Kama kuna neno jengine, mke wangu, liseme sasa," akasema, akanitazama. Nikajua anajua.

Nilikuwa na maneno matano tu ya kusema: nilidanganya, bwana, nilikuwa na wivu. Hesabu mwenyewe kama ni matano au zaidi, mimi hata moja halikunitoka. Niliona ni bora nipoteze nyumba kuliko kumpa mwanamke yule ushindi wa kujua. Nikasema, "Sina neno." Akamaliza chai yake. Kabla ya kumkabidhi mwalimu funguo, aliezeka upya jiko langu la makuti, lile la miaka miwili, kwa sababu mteja hakabidhiwi nyumba inayovuja.

Siku ya kwanza Jadida niliingia jikoni. Mimi ni mfupi. Jiko lilinifika kifuani, nikainua mikono kuteleka chungu kama mtu anayeanika kanga. Mume wangu akasimama mlangoni.

"Nilibomoe?"

"Liache," nikasema, na nikaenda kutafuta kisanduku cha kukanyagia.

Miaka mingi nimepika juu ya kisanduku kile. Mwalimu alikaa katika ile nyumba yangu ya zamani mpaka akahamishwa tena, na mume wangu hakumwoa yeye wala mwengine. Kila nilipopita, asumini langu lilikuwa linachanua mlangoni kwake, na nilikuwa nageuza uso.

Sasa mume wangu ametangulia mbele ya haki, na magoti yangu hayakunjiki tena. Wazee wenzangu wakija kunitazama hunikuta nimesimama napika, na wao hawawezi tena kukaa kwenye vibao vyao. Hulipapasa jiko lile, hulisifu, huniuliza nani alinifikiria mapema namna hii.

Huwajibu kuwa ni mume wangu, Mungu amrehemu. Alinipima mwenyewe, kwa kamba.