Vidonge vya Makisio vya Torab Ali

Kwa miaka thelathini, harusi yoyote ya maana upande ule wa Moulvibazar, huko Bangladeshi, ilipikiwa na Torab Ali. Alikuwa mtu wa kitambi na ndevu za hina, na sifa iliyomtangulia kila alipokwenda ni kwamba hapimi kitu. Mchele wa watu mia nne aliutazama tu ukimwagwa kwenye sufuria, akachota chumvi kwa kiganja, akatupia, na pilau ikatoka vile inavyotakiwa. Ukimuuliza amejuaje, anakujibu kwamba mkono ndio unaojua, yeye hana habari.

Mwaka aliotimiza miaka sitini na moja, au sitini na tatu, maana hata umri wake ulikuwa wa makisio, moyo ulianza kumchezea. Ulikwenda mbio, ukasita, ukaruka, ukaenda mbio tena. Daktari Nilufa wa kliniki ya nyuma ya soko alimpima, akamwandikia vidonge vya aina mbili. Vyeupe vilikuwa vya kupunguza kasi ya moyo, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Vya manjano vilikuwa vya kuzuia damu isigande moyoni, bonge likapanda kichwani na kumletea kiharusi. Alimweleza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Torab Ali alikuwa akitazama jinsi majirani wa kliniki walivyokaanga vitunguu vibaya.

Nyumbani dawa ziliingia mikononi mwa fundi wa makisio. Siku moyo ukitulia, alikata kidonge cheupe nusu, au alikiacha kabisa. Siku akishiba nyama ya ng'ombe, alimeza viwili. Vile vya manjano alivijaribu siku nne, hakusikia tofauti yoyote, akavipandisha rafuni karibu na kopo la karafuu.

Mkewe, Jobeda, alikuwa mwanamke mwembamba asiyepitwa na jambo.

"Baba Parul," alimwambia siku moja, "hivi vidonge vyako vinazaana? Mwezi umekwisha na karatasi bado imejaa."

"Nakula kadiri ninavyohitaji."

"Na daktari alisema kadiri unavyohitaji?"

"Daktari ni binti wa watu, amesoma vizuri, Mungu ambariki. Lakini moyo uko kifuani mwangu, hauko kwake."

Jobeda alimtazama, akarudi kwenye dengu zake. Walikuwa wameoana miaka thelathini na saba, na alijua wakati wa kubishana naye na wakati wa kungoja.

Hakungoja sana. Mwenye mashine ya kukobolea mpunga alikuwa anamwoza binti yake, na Torab Ali alihamia kwake siku mbili kabla, kusimamia majiko. Vidonge alikwenda navyo mfukoni, lakini kwa zile pilikapilika hakukumbuka hata kimoja. Asubuhi ya harusi moyo ukaamka unakwenda mbio kama umefukuzwa. Akakaa pembeni akapiga hesabu yake: amekosa siku mbili, kwa hiyo anadaiwa. Akameza vyeupe vitatu kwa mpigo, akashushia na chai ya maziwa. Goti nalo lilikuwa linamuuma kwa kusimama, akaongeza vidonge viwili vya maumivu alivyonunua dukani pale kituo cha basi.

Kabla ya adhuhuri akahisi mwiko umekuwa mzito. Akamwambia msaidizi wake, Kutub, mtu mzima mwenye wajukuu, kwamba kuni za siku hizi zina moshi mbaya, zinatia kizunguzungu.

"Moshi unakwenda kule, fundi," alisema Kutub akionyesha upande wa pili.

Torab Ali akataka kumjibu, akakuta jibu liko mbali. Jasho la baridi lilimtoka. Akakaa juu ya gunia la vitunguu polepole, kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa kiti, kisha akainama upande mmoja mpaka shavu likagusa vitunguu.

Walimpakia kwenye ile baiskeli ya mzigo ya magurudumu matatu iliyoleta masufuria. Akafika kliniki amelala chali, nguo zinanukia samli na iliki, hata muuguzi aliyemvua viatu akauliza leo kuna harusi ya nani. Jobeda alifika nyuma yao, shela limemwangukia shingoni, hana neno hata moja la utani.

Daktari Nilufa alimshika mkono na kuhesabu. Moyo ulikuwa unapiga mara thelathini na nane kwa dakika, na shinikizo la damu lilikuwa chini. Wakamtundikia maji, wakamfunga nyaya kifuani, wakamchoma sindano. Saa nzima Jobeda alisimama miguuni pa kitanda akitazama ile mistari ya mashine asiyoijua maana yake. Uso wa mumewe ulipoanza kurudiwa na rangi, naye akakaa.

"Mzee wangu, umemeza vingapi?" aliuliza daktari.

"Kwa makisio..."

"Makisio ni vingapi?"

"Usimwonee, daktari," alisema Jobeda, sauti imeanza kumrudia. "Huyu hata watoto wetu huwahesabu kwa makisio. Mwulize ana wangapi."

Muuguzi akageukia ukutani kucheka. Torab Ali akafumba macho, lakini alijibu: vitatu vyeupe. Akaulizwa kuhusu vya manjano, akasema viko salama, karibu na karafuu.

Daktari hakucheka. Alivuta kiti.

"Vya manjano hutavisikia, hata ukivimeza miaka kumi. Na bonge la damu nalo hutalisikia, mpaka siku unataka kumwita mama Parul na ulimi haugeuki. Ukisahau kidonge na wakati wa kingine umekaribia, kiache, usimeze viwili kukifidia. Usikate, usiongeze, usiache bila kuniambia. Na zile za goti, umezitoa wapi?"

"Kituo cha basi."

"Hizo ukichanganya na za manjano unaweza kutokwa na damu tumboni. Dawa yoyote, hata ya mizizi, niulize kwanza."

Lile la ulimi ndilo lililomwingia Torab Ali. Alimtazama mkewe, akaona shela lake bado liko shingoni, hajalirudisha kichwani.

"Basi nitafuata," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Pilau ilikuwaje?"

"Kutub kaipakua," alisema Jobeda. "Watu wamekula, wameomba nyingine. Pona kwanza, wivu baadaye."

Alilala kliniki siku mbili. Tangu hapo vidonge vilikaa kwa Jobeda. Alfajiri baada ya sala alimwekea vyake kiganjani, jioni vivyo hivyo, na mumewe akisafiri kupika alimpigia simu Kutub, ambaye alisimama mbele ya fundi wake mpaka ameze na kufungua kinywa. Torab Ali alilalamika kwamba anatunzwa kama mbuzi wa Idi, lakini kinywa alifungua.

Miezi miwili baadaye walirudi kwa daktari. Akapima, akapima tena, akasema moyo umetulia vizuri, ila unakwenda polepole kuliko anavyopenda. Kuanzia kesho, kidonge cheupe kiwe nusu asubuhi, nusu jioni.

Torab Ali akamgeukia mkewe taratibu, uso unang'aa.

"Nusu," alisema. "Umesikia? Mimi nilisema nini tangu mwanzo?"

"Nusu kila siku, Baba Parul. Sio nusu ukijisikia."

"Nusu ni nusu."

Daktari akataka kumpa kijisanduku cha kukatia vidonge. Akakikataa, akasema mpishi haazimwi kisu. Asubuhi yake akakaa jikoni na kile kisu chake cha kuchinjia, akavaa miwani, akabana pumzi, akakata. Kipande kimoja kikarukia kwenye unga, kingine kikawa vumbi. Jobeda alivaa shela akaenda kliniki kukichukua kile kijisanduku.