Nyota Iliyokataa Kujikunja

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya usafi kwenye maabara ya chuo, chumbani mle walikuwepo Daktari Elinami, mkuu wetu, ambaye ndiye aliyemsimamia mwanangu Elibariki kwenye ubatizo. Fundi Jaswant wa umeme, mzaliwa wa Moshi mjini, ambaye baba yake aliwahi kunitengenezea cherehani. Na mimi, Mama Elibariki wa Mwika, mwenye darasa la nne. Aikande wa Sanya Juu alikuja miaka yangu ya mwishoni pale, akiwa mwanafunzi. Mama yake niliimba naye kwaya moja kabla hajaolewa.

Mimi nilizoea kutunga shanga za kuwauzia wapanda mlima. Daktari akanipa waya wa shaba na kopo la shanga, akasema, "Mama, utakuwa unanitungia molekuli." Neno lenyewe nilikuwa silijui.

Alinieleza taratibu. Polima ni molekuli ndefu, vipande vingi vimeungana kama shanga kwenye uzi. Nyingine hutoa matawi, na ile ambayo matawi yake yote yanatoka katikati wanaiita nyota. Ukiitia katika kiyeyushi kizuri, yaani kimiminika inachopatana nacho, matawi hutanuka. Ukiitia katika kibaya, shanga huanza kuvutana zenyewe kwa zenyewe na nyota nzima hujikunja kama donge la ugali. Wao hawakuchemsha kitu. Walikuwa wanaiga mambo hayo kwa hesabu, kompyuta ikisukuma shanga za kufikirika huku na huku siku nzima. Fundi Jaswant alikuwa akinipitia na kuuliza, "Mama, shanga hizi zinauzwa au zinasomeshwa?"

Daktari alikuwa na kanuni yake moja. Kila molekuli ilitungwa kwanza kwa mkono, mwanafunzi akielekeza, mimi nikifunga. Shanga zinazovutana niliziunganisha kwa uzi mwekundu, kisha nauvuta tuone umbo. Alikuwa akiwaambia, "Usichoweza kumwelekeza mama huyu akakitunga, usikipeleke kwenye kompyuta."

Aikande aliiruka kanuni hiyo. Simlaumu, alikuwa amebanwa. Alishaongezewa muda mara moja, na Jumatatu alitakiwa asimame mbele ya watahini. Akishindwa, masomo yake yanakatishwa, anarudi nyumbani bila cheti. Alhamisi nilipoingia na ndoo yangu nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, chai imepoa. Nyota yake ilikuwa kwenye kiyeyushi kibaya na imekataa kujikunja. Matawi yalinywea moja moja, lakini hayakukaribiana.

Daktari akaja, akatazama, hakumpandishia sauti. Aliuliza tu, "Umemtungisha mama?"

Aikande akainamisha kichwa. "Bado, Daktari."

"Basi kaa naye."

Tukakaa. Shanga zikamponyoka zikamwagika, tukaziokota chini ya meza. Nikamuuliza uzi mwekundu niufunge wapi. Akasema, "Shanga ya tawi hili na shanga nyingine ya tawi hilihilo, mama. Halafu lingine, vilevile." Nikafunga alivyosema, nikavuta. Kila tawi likanywea peke yake, kama watoto waliokosana.

Alinishika mkono nisivute zaidi. "Mama, ngoja. Nimeyaambia matawi yasijuane." Maelekezo ya hesabu aliyachukua kutoka kazi yake ya zamani ya molekuli iliyonyooka, ambako shanga zote ziko kwenye uzi mmoja. Kwenye nyota, kompyuta ikahesabu kila tawi kama uzi wa peke yake, na matawi yakapitana bila kuvutana.

Alirekebisha palepale, akaanza upya. Lakini ilikuwa msimu wa mvua, na hesabu ile ilihitaji siku zote zilizobaki. Jumamosi umeme ukakatika. Betri ya akiba ikaanza kulia. Fundi Jaswant akazima feni, birika, taa, kila kitu isipokuwa ile kompyuta, akasimama ameishika swichi kama mtu aliyeshika mtoto mgonjwa. Kompyuta ikapata joto. Nilifungua madirisha ya upande wa mlima na kuipepea kwa gunia, nikiomba kimoyomoyo. Aikande hakutaka hata kutazama. Umeme uliporudi, Jaswant aliketi sakafuni.

Jumatatu asubuhi Aikande aliniita kwa sauti ndogo. "Shikamoo mama. Imejikunja."

Daktari akamwambia, "Mbele yao anza na kosa lako, ndipo uonyeshe picha." Akafanya hivyo. Kisha wakamtoa nje wajadiliane, tukakaa naye kwenye benchi. Alinibana mkono hadi ukafa ganzi. Mlango ulipofunguliwa Daktari alisema, "Umepita. Kuna masahihisho." Aikande akalia kama aliyefeli.

Sasa nimestaafu, niko Mwika na migomba yangu. Nyota ile ya shaba inaning'inia dirishani, nyuzi nyekundu zikitoka tawi hadi tawi. Aikande ndiye aliyezifunga zile za mwisho, kabla hajaniaga. Hata leo taa ikicheza kidogo nakimbilia swichi, kana kwamba kuna hesabu ya mtu inayoendelea humu ndani. Majina ya watu nina hakika nayo. Ya kiyeyushi na kuvutana nimeandika nilivyoelekezwa, na nyie vijana mmesoma kunizidi. Kama kuna mahali nimefunga uzi pasipo pake, njooni mniambie, nitafungua nifunge upya.