Mti Ulitupa Majani Wenyewe

Amu yangu ndiye aliyeninyima shule. Nasema wazi na simsingizii. Baba alipofariki kule Garbatulla, nafasi ya shule ilibaki moja, na amu, ndugu mdogo wa baba, akampa mtoto wake. Mimi nilikuwa nimefika darasa la pili. Akanishika kichwa mbele ya watu akasema, "Hiki ni cha mifugo. Kalamu itakiumiza." Watu wakacheka. Kesho yake nikapelekwa fora, ile kambi ya mbali ambako vijana wanakaa na mifugo miezi na miezi. Mtoto wa amu leo ana ofisi. Mimi nashika mbuzi miguu pale soko la mifugo Isiolo, nawapandisha kwa lori.

Kwa hivyo nilipoingia darasa la watu wazima, mwanamume peke yangu kati ya akina mama, sikwenda kucheza. Nilitaka kujua kama amu alisema kweli. Kusoma nilijua, polepole, na kidole juu ya neno. Lakini kusoma si kuelewa. Siku mwalimu alipoleta shairi nikajiambia: hili likinishinda, basi amu alisema kweli, na mimi sirudi hapa tena.

Mwalimu wetu ni binti mdogo kutoka Meru, mpole, hachoki na sisi. Shairi lilikuwa la mti wa nchi za mbali, limegeuzwa kwa Kiswahili, beti nne, akaliandika ubaoni. Ubeti wa kwanza mti unachipua. Wa pili jua linawaka na mti umejaa kijani. Wa tatu majani yanageuka rangi. Wa nne baridi inaingia, majani yote yako chini, mti umesimama uchi na haulii.

"Swali ni moja tu," mwalimu akasema. "Kwa nini mti haukulia?"

Mama mmoja anayeuza maziwa akajibu haraka, "Alie nini na baridi imekuja? Si ameshapona jua?"

Wote tukaitikia. Kwetu baridi inakuja baada ya mvua ndefu, nyasi zimesimama, mbuzi wamenona, mtu analala na blanketi kama tajiri. Adui ni jua. Tukamweleza mwalimu kwamba ubeti wa pili mti uko taabuni, na wa nne unapumzika.

Mwalimu akashika kichwa. "Hapana, jamani! Huko kwao jua ndiyo raha. Baridi ndiyo inataka kuua."

"Mwalimu, huo mti uko na akili kweli?" mama mwingine akauliza.

Darasa likavunjika kwa kicheko. Mama wa maziwa akanigeukia. "Na wewe, baba wa mbuzi, mbona umenyamaza kama wale unaowapakia?"

"Nikiongea utaelewa?"

"Jaribu, tukupime."

Nikageukia ubao. Nikarudi ubeti wa nne, neno kwa neno. Baridi inataka kuua. Hakuna kijani. Ndege wamehama. Mimi hiyo hali naijua! Nikasimama mpaka benchi likaanguka nyuma yangu.

"Mwalimu, pindua! Baridi yao ndiyo bona yetu!"

Bona ni ule ukame mrefu ambao kila mtu kwetu anauhesabia marafiki na mifugo aliopoteza. Weka bona pale palipoandikwa baridi, na shairi lote linafunguka kama zizi asubuhi! Hata miti yetu inavua majani wakati huo. Na nikajua pia kwa nini haukulia. Nilijua kabla sijamaliza kupumua.

Mwaka mmoja nikiwa fora bona ilitukalia vibaya. Mbuzi wakazaa katikati yake. Mbuzi mama amebaki mifupa, akinyonyesha anakufa, na mtoto anamfuata. Kwa hivyo mchungaji anamchinja mtoto siku ile ile, bado ana maji ya kuzaliwa, ili mama abaki. Niliwachinja kwa mkono wangu mmoja baada ya mwingine, na mimi mwenyewe nilikuwa mtoto. Sikulia. Mvua iliponyesha nilikuwa na mbuzi tisa wamesimama. Amu akaja, akauliza watoto wa mbuzi wako wapi, akaniita muuaji mbele ya wazee, kisha akaswaga wale tisa akaenda nao. Huyo huyo.

"Majani hayakuanguka, mwalimu," nikasema, sauti juu kama niko mnadani. "Mti uliyatupa! Wenyewe! Ukiyashika yanaumaliza maji. Utalia vipi kwa kitu umeamua mwenyewe? Uchungu upo, lakini kulia hapana!"

Hakuna aliyecheka. Mama wa maziwa akasema chini chini, "Wallahi, baba, hapo umesema."

Mwalimu akafungua nyuma ya kitabu, mahali pa majibu. "Hapa wanasema mti haukulia kwa sababu ulijua majani mengine yatakuja."

"Uongo! Nani aliuambia? Ndani ya bona hakuna anayejua mvua itakuja. Angejua, ingekuwa kazi rahisi."

Akaniangalia, akaangalia kitabu, akakifunga. "Andika hilo lako, mzee. Ndilo nitakalosahihisha."

Niliandika mistari minne, akina mama wakinisubiri bila kunung'unika. Mwalimu akaweka alama ya vema kubwa hadi ukingo wa karatasi.

"Kuna shairi lingine?" nikauliza.

"Liko, la mto. Lakini saa imeisha."

"Basi nipe kitabu."

Kitabu ni kimoja tu darasa zima, na hajawahi kukiachilia. Akanipa. Nilitoka nikisoma njiani, kidole juu ya neno, na boda boda ikanipigia honi nikaitukana bila kuinua macho.