Siku Tatu za Fez

Basi la Walthamstow, huku ughaibuni, lilijaa, nikabanwa nyuma ya wanawake wawili walioitana wifi, sare zao za kutunza wazee bado mwilini. Mdogo alikuwa amepata siku tatu za likizo, na safari hii hakuna msiba wa kwenda.

"Nataka Fez, kule Morocco," akasema. "Nione mji wa kale, nilale, nisiongee na mtu."

"Huko una nani?"

"Sina mtu, wifi."

"Ebo! Unaendaje mahali huna mtu?"

Mkubwa akatoa simu, akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo. Hatujapita vituo viwili, mtu kapatikana: mpwa wa shemeji, anasoma huko.

"Atakupokea. Umbebee unga wa ugali. Jumamosi amekualikia wenzake, Jumapili mnakwenda kanisani."

"Na mji nitauona lini?"

"Utauona dirishani, ukirudi uwanja wa ndege."

Mdogo akaegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho. Ningemwambia nini mimi? Nimezeeka nikitembea miji ya watu, na yote naijua kwa makochi ya ndugu walionipokea.