Vile Nilimalizia Filme Yenye Haikuisha

Ku Mweso kazi yangu ilikuwa kusema. Masomo sikupataka. Yenye niko nayo inaishia ku mulango ya darasa ya pili, siku mwalimu alikimbia masasi na sisi tukakimbia nyuma yake, na mpaka leo hakuna mwenye alirudi kutuambia nani alipita na nani alianguka. Lakini mudomo, Mungu alinipimia ya watu kumi na mbili. Basi ku siné, nyumba moja ya mbao yenye blanketi ku madirisha, televizio moja, batri ya gari na pano ya jua juu ya mabati, njo mimi nilikuwa nashika mikro na kutafsiria watu filme.

Natafsiri kutoka luga gani? Usiniulize. Wachina, Wahindi, Wamerika, wote niliwatafsiri sawasawa, juu wote sikuwa nawasikia sawasawa. Nilikuwa naangalia mudomo ya muntu na mikono yake, kisha naweka mule Kiswahili yenye inaenea. Muhindi akilia, nasema mama yake amekufa. Muchina akiruka, nasema: "Leo mutanijua!" Watu walikuwa wanatoka Mushaki na miguu kuja kunisikia. Haya, ni mumoja tu alitokaka Mushaki, na alikuwa amekuja ku hospitali. Lakini alinisikia.

Nilikuwa nachekesha watu, na mwili yangu ilikuwa imechoka. Mimi ni mutoto wa pori, baba yangu alikuwa muwindaji kule Walikale, na tangu nitoke kule nimekimbia mara nyingi mpaka godoro yangu inajua barabara kuliko dereva. Ikisikia bunduki, inajikunja yenyewe. Mu Mweso tulifika tukajenga nyumba ya shitingi, ile plastiki ya wakimbizi, mvua inapiga, unasikia kama watu elfu wanakupigia makofi, na hakuna kitu umefanya.

Kiwanja tulikaa wanaume wawili. Mwingine alikuwa Papa moja wa Kibabi, fundi ya mbao, shemasi ku kanisa ya Marafiki. Wale njo wazungu wanaitaka Wakwekeri. Imani yao inakataza kushika silaha: hapana kupiga, hapana kuua, hata ukishambuliwa. Huyu Papa alikuwa anaifuata mpaka kucha. Panya akiingia mu unga yake, anamuomba atoke. Na ku maombi yao kuko wakati wanakaa kimya kabisa, watu wazima, macho yamefungwa. Nilijaribuka siku moja. Nilitoka jasho kama niko nabeba gunia ya viazi.

Sasa, vijana ya bunduki wenye walikuwa wanalinda mulima juu yetu walituma neno: kila kiwanja itoe mwanaume moja, apande Jumamosi asubui, apewe silaha. Kiwanja yenye itakataa, watashuka wenyewe kuibomoa. Waliandika viwanja, hawakuandika watu. Yetu ilikuwa moja, na wanaume tulikuwa wawili. Ao yeye, ao mimi.

Hatukuizungumza. Tulikuwa tunasalimiana, tunauliza habari ya mvua, kila mutu anaangalia viatu ya mwenzake.

Siku ya Alhamisi mwenye siné alileta flashi mupya ya filme kutoka Goma. Mutu mwenye alimuuzia alimuambia: hii ni ya vita, lakini askari yake ni Mukwekeri. Habari ilizunguka mji mbele tuwashe televizio. Nyuma ya saa nane, nani anainama ku mulango ya siné? Papa Shemasi. Yeye mwenye hakuingiaka mule hata siku moja. Akakaa mbele, kofia mu mikono, kama iko ku matanga.

Akanivuta shati. "Kaka, leo nakuomba. Usiongeze, usipunguze. Nataka kujua ule muntu alifanya nini."

Nikamuambia, "Papa, mimi naongezaka?"

Mama moja wa kuuza karanga, mwenye alikuwa anakuja kila siku, alipiga kicheko mpaka karanga ikamwangika. "Uyu! Juzi alituambia Muchina anaitwa Bahati!"

Filme ikaanza. Kijana wa shamba, farasi, mama yake na kitambaa ku kichwa, watu wamekaa mu nyumba ya mbao kimya, kimya, na Papa Shemasi akatikisa kichwa: njo vile. Kisha vita. Wakamuchukua yule kijana kuendesha mukokoteni ya wagonjwa. Akafika fasi ya matope, matope kama ya Mweso, nikasema kwa mikro, "Hapa ni kwetu kabisa," watu wakacheka. Bunduki wanamupa, anarudisha. Wanamupa, anarudisha.

Kisha mukubwa wake akamuita mu hema. Walizungumza murefu sana, kamera haitoki. Hapo shetani alinipata, kaka zangu. Nikaona: hii maneno mimi njo niko nayatunga. Na Papa Shemasi anayasikia. Na Jumamosi ni kesho kutwa.

Nikanyoosha sauti. "Mukubwa anamuambia: Kijana, hata Daudi alikuwa mutu wa Mungu, na alimuangusha Goliati. Mwenye anakataa kulinda nyumba yake, anaacha jirani afe fasi yake. Kijana anajibu: Ndiyo, mukubwa, nimeelewa."

Yule kijana ku televizio alikuwa analia na kukatala na kichwa. Mama wa karanga akaita, "Ameelewa nini? Si anakatala!"

"Mama, kule kwao kukatala na kichwa ni kukubali," nikasema. Watu wakanyamaza. Mutu akishika mikro, wanamuaminiaka.

Tukafika ku daraja. Maadui wanakuja, wenzake wote wamelala chini. Kijana anaona bunduki mu matope. Anainama. Anaishika. Anaiangalia, anaiangalia, mpaka mimi mwenyewe nikasahau kusema. Na pale, tiii, batri ikakufa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, pano haikukula jua.

Watu wakapiga kelele, wananiitia mwisho. Vile njo desturi: batri ikikufa, mutafsiri anasimama anamaliza na mudomo. Nilikuwa nimemaliza filme nyingi vile, na hakuna mwenye aliniuliza. Nikasimama ku kiti. "Alipiga! Risasi tatu, maadui makumi tano! Moja ilipita mu watu kumi na saba, ikageuka, ikarudi kutafuta wa kumi na nane!" Watu wakashangilia. Blanketi zikatolewa ku madirisha, mwangaza ikaingia, nikamuona Papa Shemasi anavaa kofia polepole. Akatoka.

Kesho yake asubui, Ijumaa, alikuja ku mulango yangu na sanduku ya kazi yake. Musumeno, randa, nyundo, misumari mu kopo.

"Unitunzie," akasema. "Kama ule kijana wa filme, mwenye alizaliwa mu imani yetu, mwisho alishika bunduki, mimi ni nani? Nitapanda kesho. Wewe ubakie na wamama."

Nikasema, "Asante, Papa." Kweli, njo nilisema vile. Asante.

Bibi yake alipika bukari, ile ugali yetu, na sombe ya majani ya muhogo, akaniletea sahani kama kawaida. Akaiweka chini, akaenda bila kuniangalia. Sikuikula. Mimi, mwenye ninakulaka hata harufu! Nilikaa na ile sahani mpaka nzi zikaanza kugawana viwanja. Nikasimama nikaenda kumutafuta nyuma ya nyumba, alikuwa anakata kuni.

"Papa, ile filme."

"Ee."

"Mwisho sikuiona. Batri ilikufa, si uliona. Nilitunga."

Akaweka shoka chini. "Na maneno ya mu hema?"

"Nilitunga."

"Ya Daudi?"

"Ile nilisikiaka ku kanisa yenu, nikipita ku dirisha."

"Lakini unajua Kingereza."

"Papa, hata Kifaransa najua bonjour tu, na ile pia nawaza ni jina ya mutu."

Akakaa kimya. Ile kimya yao. Nilingojea anitukane, nilikuwa hata nimemuchagulia matusi, ya kwetu Walikale iko mazuri sana. Hakutukana. Nikasema basi, jua ikitoka kidogo tuchaji batri, tuende wawili tu tuangalie mwisho ya kweli.

"Hapana," akasema. "Nikienda kuiangalia, ni kusema nangojea yule anichagulie. Jana nilifanya vile, na umeona." Akaokota shoka. "Kesho nitapanda. Bunduki sitashika. Nitawaambia mu uso, wasije kuvunja hapa."

"Watakuua."

"Pengine. Na wewe utanisindikiza, juu ile mudomo yako, unatakiwa kuona kitu moja mpaka mwisho."

Tukapanda Jumamosi, ukungu ingali chini. Niliwaza kukimbia mara mia tatu; mara moja nilisimama kabisa, nikasema mwiba imeniingia. Aliningojea nitoe mwiba yenye haikuwako.

Juu, komanda wao alikuwa amekaa ku debe ya mafuta, anakula muhindi wa kuchoma. "Kiwanja ya fundi. Nani?"

"Mimi," Papa Shemasi akasema. "Lakini silaha sishike. Imani yangu inakatala. Nimekuja kukuambia mwenyewe."

"Imani yako italinda mulima?"

"Sijui, Komanda."

"Mupeni." Kijana moja akamusukumia bunduki ku kifua. Ikaanguka mu matope. Hakuinama. Komanda akatafuna punje yake mpaka ikaisha, kisha akasema, "Fimbo."

Munanijua, ninaongezaka. Hapa siongeze. Zilikuwa saba. Alilala chini mwenyewe, akashika majani. Ya tano njo alilia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, mikono nyuma, na mara ya kwanza mu maisha yangu sikuwa na neno hata moja.

Alipoinuka walimuonesha tena ile bunduki. Akakatala tena. Komanda alikuwa anachoka, ilionekana. Pengine na yeye hakulala. Akaangalia kando, fasi kijana wao moja alikuwa amelala, tumbo imefungwa na nguo, analia polepole. Wabebaji walikimbia usiku.

"Uyu anatakiwa kufika hospitali," Komanda akasema, kama anajisemea.

"Kubeba, nitabeba," Papa Shemasi akasema. "Uyu, na kila mwenye ataumia. Wenu, wa wengine, raia. Niandike pale."

"Kipoyi haibebwe na mutu moja." Komanda akanionesha na muhindi. "Na yule mwenye meno mingi?"

"Jirani yangu."

"Basi kiwanja yenu imetoa wawili. Mushike."

Ona hesabu ya mudomo yangu: nilidanganya ili kiwanja itoe mutu moja, yeye; tukatoka wawili. Kipoyi ni miti mbili murefu na blanketi katikati, mbele wawili, nyuma wawili, na vijana wawili walitusaidia mpaka ku bonde, kisha wakarudi. Tukabakia yeye mbele, mimi nyuma. Yule mugonjwa alikuwa na uzito ya ngombe mbili na ndama yake. Ku kila kilima alitutukana. Mimi nilikuwa naangalia shati ya Papa Shemasi, inashikamana ku mugongo, inaachana, inashikamana.

"Nikubadilishe?" nikauliza. "Nipite mbele?"

"Mbele, nyuma, iko mukokoteni moja," akasema. "Geuza bega, kaka. Iko unainamia kushoto."

Tulifika ku hospitali jua iko katikati. Wakamupokea akiwa na pumzi. Tukarudi, nikaanguka ku godoro na viatu, matope, yote, nikaapa mbele ya Mungu kwamba miguu yangu imekufa, waizike popote.

Jumapili asubui mutu akaita kutoka barabara: kuko mwingine, mama wa mimba, njia ya Kibabi, anatoka damu. Papa Shemasi alikuwa amesha kusimama inje, miti ku bega. Nikanyamaza kama sipo, ningali ku godoro na viatu. Nikamusikia anaingia, anaweka miti chini, anapiga magoti ku matope ya nyumba yangu, na kuanza kunifunga kamba ya viatu.